Tuzo ya Mlinzi Asiyechelewa



Mashindano ya kombe la kata yakifika tamati, mezani mbele ya mgeni rasmi hupangwa vikombe kwa ukubwa wake, na mshereheshaji huanza na kile kidogo kuliko vyote. Timu yenye nidhamu! Watu bado wanapiga soga, watoto wanakimbizana katikati ya uwanja, kipaza sauti kinakoroma, na nahodha wa timu iliyotolewa mapema anajongea kupokea mpira mmoja na bahasha. Makofi yanapigwa ya kuhesabika. Na pembeni hakosekani mtu wa kumwambia jirani yake kwamba hawa wangepataje kadi nyekundu, ilhali walicheza mechi mbili tu wakarudi kwao?

Mzaha huo una ukweli ndani yake, nitaufikia. Ila leo naomba tuiangalie tuzo hii inayodharauliwa kutokea mahali ambako wengi wetu hatujakanyaga: juu ya barafu, huko Ufini, kwenye ligi ya wanawake ya hoki.

Kwanza mchezo wenyewe. Hoki ya barafuni huchezwa na watu sita kila upande, kipa akiwa mmoja wao, wote wamevaa viatu vyenye chuma chembamba chini yake. Hawafukuzi mpira wa duara. Wanafukuza paki, kisahani cheusi cha mpira mgumu, kwa magongo marefu. Uwanja umezungushiwa ukuta pande zote na juu ya ukuta kuna vioo, kwa hiyo huku hakuna mambo ya kutoa mpira nje ili mpate kupumua. Na kabla hujaniambia kwamba haya ni mambo ya Wazungu, kumbuka kwamba Nairobi, kwenye Barabara ya Mombasa, kuna hoteli yenye uwanja wa barafu ndani yake, na timu ya Ice Lions imefanya mazoezi hapo kwa miaka. Wasichana wamo. Mwaka 2024 Kenya ilipewa uanachama katika shirikisho la kimataifa la mchezo huu.

Hoki haina kadi ya njano. Ukifanya kosa dogo, refa anakutoa na kukupeleka kukaa dakika mbili kwenye kibanda cha adhabu. Wenzako wanabaki wanne dhidi ya watano, ukiwaacha makipa. Umekaa pale nyuma ya kioo, gongo mkononi, unatazama kazi uliyowaachia. Wapinzani wakifunga bao kabla dakika zako hazijaisha, mlango unafunguliwa, unarudi uwanjani. Nadhani hakuna mchezo mwingine unaomwonyesha mkosaji gharama ya kosa lake kwa ukaribu namna hiyo.

Ligi ya wanawake ya Ufini ilianza msimu wa 1982 hadi 1983, na tangu 2024 inaitwa Auroraliiga. Kila msimu ukiisha hutolewa tuzo, na kila tuzo imepewa jina la mtu aliyeujenga mchezo huo nchini. Mchezaji bora anapata tuzo yenye jina la Riikka Nieminen, mama aliyeongoza kwa pointi Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, hoki ya wanawake ilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza. Kipa bora anapata ya Tuula Puputti. Anayeng'ara kwenye mechi za mtoano anapata ya Karoliina Rantamäki, ambaye mwaka 2010 kule Vancouver aliifunga Uswidi katika muda wa nyongeza na kuipa Ufini shaba. Nayo tuzo ya mchezaji muungwana, yule aliyecheza kwa haki msimu mzima, inabeba jina la Emma Laaksonen.

Laaksonen, ambaye siku hizi anajulikana kwa jina la Emma Terho, alikwenda Nagano akiwa na miaka 16. Akacheza Olimpiki tano, ya mwisho ikiwa Sochi mwaka 2014, akarudi na shaba mbili, na kwa kipindi fulani alikuwa nahodha wa taifa. Baadaye wanamichezo wenzake wakamchagua kuingia Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, na mwaka 2021 akashika uenyekiti wa tume ya wanamichezo, akipokea kijiti kutoka kwa Kirsty Coventry wa Zimbabwe. Ndiyo, huyo huyo mwogeleaji ambaye mwaka 2025 alichaguliwa kuwa rais wa kamati nzima, Mwafrika wa kwanza na mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho.

Lakini katika hayo yote, ninalotaka mlishike ni moja tu. Emma Laaksonen alikuwa beki.

Hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Tazama orodha ya makosa ya dakika mbili: kumnasa mwenzako kwa gongo, kumtega mguu, kumshika jezi, kumzuia mtu ambaye hana paki. Karibu yote ni makosa ya mtu aliyeachwa. Aliye mbele hana haja ya kumnasa mtu. Anayenasa ni yule ambaye ameshapitwa, nusu hatua, na anaona bao linakuja, na kitu pekee kilichobaki mkononi mwake ni gongo. Refa anaandika kwamba amemnasa mwenzake. Kocha wake, akiwa mkweli, ataandika kwamba alichelewa.

Mshambuliaji anaweza kumaliza msimu bila kosa kwa kutojiingiza. Akikaa kando, akasubiri pasi, akapiga, akarudi benchi, nani atamwona na hatia? Beki hana nafasi hiyo. Kazi yake ni kusimama kati ya mtu mwenye kasi na mahali anapotaka kwenda, tena huku yeye mwenyewe akiteleza kinyumenyume. Fikiria hilo, kinyumenyume, juu ya barafu, macho yakiwa kwenye kifua cha anayekuja, si kwenye paki, kwa maana paki inadanganya na kifua hakidanganyi. Ili asimguse vibaya mtu huyo, inampasa awe ameshasoma sekunde mbili kabla kwamba atakata kushoto. Inampasa gongo lake liwe chini, tayari kwenye njia ya pasi. Inampasa awe amefika.

Kwa hiyo tuzo ya uungwana yenye jina la beki mimi naisoma kama tuzo ya akili ya mchezo. Wanaoikabidhi huenda wana yao vichwani, watu wa sherehe hupenda maneno kama heshima na upendo. Sina ugomvi nao. Ila mlinzi anayecheza dakika nyingi kila mechi, dhidi ya washambuliaji wakali wa upande wa pili, akafika mwisho wa msimu akiwa ameingia kibandani mara chache, huyo kwanza ni fundi. Upole wake ni habari nyingine, umuulize mama mkwe wake.

Kwa wanaume wa ligi kuu ya Amerika Kaskazini, NHL, ipo tuzo ya namna hii yenye umri mkubwa zaidi, na imetoka kwa mwanamke. Lady Evelyn Byng, mke wa Gavana Mkuu wa Kanada, alikuwa mpenzi wa timu ya Ottawa na alichoshwa na fujo alizokuwa akiziona. Mwaka 1925 akatoa kikombe kwa mchezaji atakayeunganisha uwezo na uungwana. Wa kwanza kukipata alikuwa Frank Nighbor wa Ottawa. Kisha akaja Frank Boucher wa New York Rangers akakitwaa mara saba katika misimu minane, hata wakaona bora wampe akibebe jumla, na Lady Byng akatoa kingine.

Ukipitia majina ya washindi wa karne nzima, mabeki ni wa kutafuta kwa tochi. Bill Quackenbush alikipata mwaka 1949 baada ya msimu mzima bila hata dakika moja ya adhabu. Red Kelly akakipata mara kadhaa, na mwaka 1954 kama beki kwa mara ya mwisho. Halafu kimya mpaka 2012, alipotokea Brian Campbell. Miaka hamsini na nane! Nicklas Lidström wa Uswidi, ambaye mabeki wa kizazi kizima walimtazama kama mwalimu, alimaliza wa pili mara kwa mara na akastaafu bila kukigusa. Wapiga kura ni waandishi wa habari za hoki, na mwandishi mwenye haraka hufungua ukurasa wa takwimu, akatafuta mwenye magoli mengi na dakika chache za adhabu. Huyo atakuwa mshambuliaji. Wafini wawili, Jari Kurri mwaka 1985 na Aleksander Barkov mwaka 2019, walikipata kwa haki kabisa, wote washambuliaji, ingawa Barkov ni wa aina adimu inayokaba kama beki.

Wafini, kwa kuipa tuzo ya wanawake jina la beki, waliigeuza picha hiyo hata kama hawakukusudia.

Sasa kuna jambo linalonikera kidogo, nilitoe. Tuzo ya uungwana ikihamia kwenye michezo ya wanawake, wapo wanaoichukulia kama sifa ya tabia njema ya kike. Binti mtulivu, hana maneno, apewe ua. Historia ya hoki ya wanawake haikubaliani nao. Mashindano ya kwanza ya dunia ya wanawake yanayotambuliwa na shirikisho la kimataifa yalifanyika Ottawa mwaka 1990, na kwenye mashindano hayo kupamiana kwa mwili kuliruhusiwa. Walipamiana kwelikweli. Baada ya hapo sheria ikabadilishwa, kupamia kukapigwa marufuku, na miaka yote hiyo tumeambiwa kwamba wanawake wanacheza hoki safi, ya ufundi. Ufundi upo. Lakini mwaka 2013, Kanada na Marekani zikijiandaa kwa Sochi, mechi zao za kirafiki, ziitwazo hivyo kwa mazoea, ziliishia kwa ngumi za timu nzima, mara mbili katika miezi michache. Kisha Uswidi ikaruhusu tena kupamia kwenye ligi yake ya wanawake mwaka 2022, na ligi mpya ya kulipwa ya Amerika Kaskazini, PWHL, iliyoanza tarehe 1 Januari 2024, nayo imeacha miili igongane kuliko ilivyozoeleka.

Mimi naunga mkono mwelekeo huo, na nina sababu. Pale sheria inapokukataza kugusana kabisa, refa ndiye anayebeba uungwana wako. Pale inapokuruhusu kumgonga mwenzako, ndipo tutajua kama utamgonga begani akiwa anakuona, au mgongoni akiwa ameinama karibu na ukuta.

Turudi kwenye hesabu, maana mzaha wa yule jirani wa kombe la kata bado unatudai. Je, uungwana unahesabika kwa idadi ya makosa?

Nyote mnalikumbuka Kombe la Dunia la soka la mwaka 2018, tarehe 28 Juni. Senegali na Japani zililingana kwa kila kitu: pointi, tofauti ya mabao, mabao ya kufunga, hata mechi yao wenyewe ilikuwa sare. Kikabaki kipengele cha uungwana, yaani kadi. Senegali ilikuwa na njano sita, Japani nne. Senegali ikarudi nyumbani, timu ya kwanza katika historia ya mashindano hayo kutolewa kwa kadi. Na Japani ilifanya nini dakika kumi za mwisho kule Volgograd, ikiwa imeshafungwa na Poland bao moja? Ilipasiana nyuma, taratibu, huku uwanja mzima ukizomea, kwa sababu kushambulia kungeleta hatari ya bao la pili na kukaba kwa nguvu kungeleta kadi. Kipengele kilichowekwa ili watu wacheze kwa haki kikazaa dakika kumi za kutocheza kabisa. Siwalaumu Wajapani, walisoma sheria. Aliyeiandika ndiye aliyehesabu kisichohesabika.

Hoki ina mtego huo huo. Dakika za adhabu hazikwambii nani alijiangusha ili mwenzake aadhibiwe. Hazikwambii nani alimtukana refa kwa sauti ya chini. Na hazina safu ya kuandika kilichotokea Espoo.

Espoo ni mji jirani wa Helsinki, na ndiko Laaksonen alikochezea klabu. Aprili 2019 ulikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya wanawake. Mpaka siku hizo, kila fainali ilikuwa ya Kanada na Marekani, hakuna mwingine aliyewahi kufika. Ufini ikaitoa Kanada nusu fainali, mabao manne kwa mawili. Tarehe 14, fainali dhidi ya Marekani, sare ya bao moja kwa moja, wakaingia muda wa nyongeza. Petra Nieminen akaweka paki wavuni. Ukumbi ukalipuka. Wachezaji wa Ufini wakatupa glavu, wakatupa magongo, wakarundikana kama vifaranga juu ya barafu, mabingwa wa dunia mbele ya mama zao.

Kisha marefa wakaenda kwenye video.

Wakakaa huko, na wakaendelea kukaa. Jenni Hiirikoski, nahodha na beki, alikuwa amegongana na kipa wa Marekani, Alex Rigsby, kabla ya bao. Uamuzi ukaja: bao limefutwa, kipa aliingiliwa. Lakini kipa huyo huyo akapewa adhabu ya kumtega Hiirikoski. Yaani kwa tukio lile lile, aliyetegwa ndiye aliyeingilia, na aliyeingiliwa ndiye aliyetega. Wataalamu wa kanuni waliufafanua uamuzi ule kwa vifungu, na huenda vifungu vilikuwa sahihi. Mimi nimezitazama picha zile na bado naona bao.

Sikilizeni lakini kilichofuata. Wanawake wale waliokuwa wameshalia machozi ya ubingwa waliokota glavu zao, wakazivaa, wakarudi kwenye nafasi, wakacheza. Noora Räty, golini, alifikisha michomo hamsini aliyoizuia usiku ule. Mechi ikaenda kwenye mikwaju, Annie Pankowski akafunga, Marekani ikachukua dhahabu. Ufini ikavalishwa fedha, ya kwanza kwao, mbele ya watu wao wenyewe. Ukifungua karatasi ya mechi utakuta makosa, dakika, majina. Zile dakika za kuokota glavu hazimo.

Na ipo haki nyingine ambayo hata barafu haiioni. Machi 2017 wachezaji wa timu ya taifa ya wanawake ya Marekani walitangaza kwamba hawatacheza mashindano ya dunia, tena yaliyokuwa yanafanyika kwao Michigan, mpaka wapatiwe malipo na matunzo yanayoeleweka. Kwa maelezo yao, walikuwa wakilipwa dola 1,000 kwa mwezi, kwa miezi sita tu ya kuelekea Olimpiki. Shirikisho likaanza kupiga simu kutafuta wa kuwajazia nafasi. Simu zikafika vyuoni, zikafika hata kwa wasichana wadogo. Hebu jiweke mahali pao: una miaka kumi na tisa, umeota jezi ya taifa tangu utotoni, na leo wanakupigia wao. Wakakataa, mmoja baada ya mwingine. Siku tatu kabla ya mashindano makubaliano yakafikiwa, wenye timu wakarudi, wakaifunga Kanada tatu kwa mbili kwenye fainali. Na wale waliosema hapana kwenye simu? Tuzo yao ingeitwaje sijui, na ligi gani ingeitoa?

Sasa nitatoa pendekezo, kwa Wafini na kwa yeyote mwenye ligi, hata kama ni ya hoki ya kwenye sakafu pale shuleni kwenu. Waandishi wapumzike, na makamisaa wa mechi pia. Kura wapewe wapinzani. Msimu ukiisha, kila mchezaji aulizwe kwa siri swali moja: ukiwa kwenye kona, umeufuata ukuta kuchukua paki, umempa mgongo anayekuja nyuma yako, ni nani wa timu nyingine ambaye ukijua ndiye anayekuja huogopi?

Wao wanajua. Mgongo unajua. Na nahisi majina yatakayotoka hayatafanana sana na yale ya kwenye ukurasa wa takwimu. Watakuwamo mabeki. Watakuwamo wawili watatu waliokaa kibandani dakika nyingi tu, kwa sababu walikuwa wakiingia kila palipo na kazi, wakachelewa mara moja moja, wakanasa mtu, wakaadhibiwa, wakarudi uwanjani bila kumwekea mtu kisasi.